Muuguzi, Mgonjwa na Mpaka Ulio Kati Yao

Kila alfajiri mabasi ya kwenda Dodoma huondoka katika stendi ya Msamvu yakiwa na abiria wa kila namna: wafanyabiashara, wanafunzi, watumishi wa umma na wagonjwa wenye rufaa. Miongoni mwao huwamo pia watu wanaokwenda kuwaona ndugu zao katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, au katika Taasisi ya Isanga, ambako hutunzwa wagonjwa waliofikishwa huko kwa amri ya mahakama. Abiria hao aghalabu hawataji waendako. Ugonjwa wa akili una aibu yake machoni pa watu, na kesi ya jinai ina aibu yake. Mambo hayo mawili yakikutana katika nyumba moja, nyumba hiyo hunyamaza.

Ukimya huo una gharama. Familia nyingi hazipati nafasi ya kuelezwa namna huduma hiyo inavyoendeshwa, na zaidi ya yote, namna muuguzi anavyotakiwa kuhusiana na mgonjwa wake na ndugu wa mgonjwa huyo. Matokeo yake ni lawama zinazoelekezwa pasipostahili, na wakati mwingine ni madhara kwa mgonjwa yuleyule anayependwa.

Na tuchukue mfano, usiomhusu mtu yeyote kwa jina. Mama mmoja wa Msamvu ana mwana aliyepelekwa Isanga baada ya kumjeruhi mtu wakati akiwa mgonjwa. Binti wa jirani yake ni muuguzi katika taasisi hiyo. Binti anapokuja nyumbani likizo, mama humwendea jioni. Binti huamkia, "Shikamoo, mama," naye huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha hutoa chini ya kanga simu ndogo na kifurushi cha mizizi ya kuchemsha. "Mfikishie mdogo wako. Wewe ni wa nyumbani, hakuna atakayekupekua." Binti hujibu kwa upole kwamba hawezi kuvibeba, wala hawezi kueleza hali ya mgonjwa pale barazani, humwelekeza mama aende siku ya kuwaona wagonjwa, aulize ofisi ya ustawi wa jamii. Mama huondoka na maneno machungu: "Umesoma, sasa umetusahau."

Je, binti huyo amekosa utu? Makala haya yanaeleza kwa nini jibu ni hapana, na kwa nini kukataa kwake kulikuwa sehemu ya matibabu ya yule mgonjwa.

Mgonjwa huyu ni nani mbele ya sheria

Sheria ya Tanzania haimhesabu kila atendaye tendo la jinai kuwa mhalifu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaanza na dhana kwamba kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini kifungu cha 13 kinasema kwamba mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa, wakati wa kutenda, ugonjwa wa akili ulimwondolea uwezo wa kuelewa analolitenda au kujua kwamba hapaswi kulitenda.

Mahakama ikiona dalili za ugonjwa kwa mshtakiwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, huiruhusu kumpeleka katika hospitali ya afya ya akili ili achunguzwe, na daktari msimamizi hutakiwa kuandika taarifa kwa mahakama ndani ya siku 42. Ikithibitika kwamba alitenda tendo lile kwa sababu ya ugonjwa, mahakama hutoa uamuzi maalumu, naye huwekwa mahali pa uangalizi na matibabu. Kutoka kwake hufuata utaratibu uliowekwa na sheria, kwa kuzingatia taarifa za wataalamu kuhusu hali yake. Hakuna muuguzi mwenye ufunguo wa kumwachia mtu, na anayedai kuwa nao anadanganya.

Kuna pia kundi la pili. Hawa ni mahabusu na wafungwa wa kawaida ambao huugua akili wakiwa gerezani, au walioingia wakiwa tayari wagonjwa bila kutambuliwa. Mkoa wa Morogoro una magereza kadhaa, yakiwamo Kingolwira na Kihonda yaliyo jirani na mji. Popote walipo watu wengi waliotengwa na familia zao, wenye kesi zisizojulikana mwisho wake, sonona na hofu havikosi. Mfungwa hapotezi haki ya matibabu kwa kuwa amepoteza uhuru wa kutembea.

Makundi haya mawili yanafanana katika jambo moja: mgonjwa hakumchagua muuguzi wake na hawezi kumhama. Hapo ndipo umuhimu wa mpaka unapoanzia.

Mpaka wa kitaaluma ni nini

Mwaka 1952, muuguzi wa Marekani aitwaye Hildegard Peplau alichapisha kitabu kilichobadili fikra za uuguzi wa afya ya akili. Alieleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni chombo cha tiba, kama zilivyo dawa. Uhusiano huo una mwanzo, ambapo wawili hao hufahamiana na kuelewana juu ya tatizo. Una kipindi cha kazi, ambapo mgonjwa hutumia msaada anaopewa. Na una mwisho uliopangwa, ambapo mgonjwa huendelea na maisha yake bila muuguzi yule. Urafiki na udugu havina mwisho wa namna hiyo, na ndiyo maana ni vitu vingine.

Mpaka wa kitaaluma, basi, ni mstari unaotenganisha yale ambayo muuguzi huyafanya kwa ajili ya afya ya mgonjwa na yale ambayo angeyafanya kwa faida yake mwenyewe, au kwa kusukumwa na huruma, hofu au mazoea. Muuguzi anayajua mengi kuhusu mgonjwa: ndoto zake, makosa yake, machozi yake. Mgonjwa anajua machache kuhusu muuguzi. Muuguzi anashika dawa na kalamu inayoandika taarifa. Mgonjwa hana kitu. Uzito wa pande mbili hizi haulingani, na mwenye uzito mkubwa ndiye mwenye wajibu wa kuulinda mpaka. Hata pale mgonjwa anapoomba mpaka uvunjwe, lawama humwangukia muuguzi aliyekubali.

Kwa vitendo, mpaka huo una sura nyingi. Muuguzi hatoi anwani ya nyumbani kwake wala namba yake binafsi ya simu. Hapokei zawadi, hakopi wala hakopeshi. Hafanyi biashara na mgonjwa au familia yake. Haanzishi mapenzi naye kwa hali yoyote, hata kama mgonjwa ni mtu mzima na anadai kuridhia, kwa kuwa ridhaa ya mtu aliyefungiwa mlango haiwezi kuwa huru. Hasimulii matatizo yake ya ndoa wakati wa kugawa dawa. Haendelezi mazungumzo na mgonjwa kupitia mitandao ya kijamii.

Ufa huanza padogo

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni nadra muuguzi kuamka asubuhi akakusudia kuvunja maadili ya kazi yake. Aghalabu mambo huanza kwa jambo dogo linaloonekana la kibinadamu. Mgonjwa amekosa sabuni; muuguzi anamletea kipande kutoka nyumbani kwake. Kesho mgonjwa anamwomba apeleke barua moja tu. Keshokutwa anaomba simu kwa dakika mbili. Kila hatua ni ndogo, lakini kila moja ni siri mpya kati ya wawili, na siri zikijikusanya huwa deni. Siku muuguzi atakaposema "hapana", anaweza kujibiwa, "Basi nitasema uliyonifanyia." Tangu hapo mgonjwa si mgonjwa tena, na muuguzi si muuguzi tena.

Sabuni ile haikuwa kosa kwa sababu ni sabuni. Mgonjwa aliihitaji kweli, na huruma ya muuguzi ilikuwa ya haki. Kosa lilikuwa njia iliyotumika. Hitaji lile lingepelekwa kwa kiongozi wa wadi au kwa afisa ustawi wa jamii, mgonjwa angepata sabuni, na wenzake wasio nayo wangepata pia. Kile kinachoweza kufanywa mbele ya watu na kuandikwa katika kitabu cha wadi aghalabu kiko salama. Kile kinachohitaji kufichwa kimekwisha kuvuka mstari.

Kwa sababu hiyo wauguzi wa afya ya akili hufundishwa kujihoji. Je, ningemfanyia hivi mgonjwa mwingine yeyote? Je, ninamtembelea huyu mara nyingi kuliko wenzake? Je, namtetea katika kila kikao hata anapokosea? Je, ninaficha jambo kwa wenzangu wa zamu? Jibu la "ndiyo" katika moja ya maswali matatu ya mwisho humtaka muuguzi azungumze na msimamizi wake mapema, kabla ufa haujawa shimo. Kuzungumza hivyo hakumwaibishi. Ni alama ya mtaalamu aliyekomaa.

Zamu nzima nayo ina wajibu. Endapo muuguzi wa asubuhi anamkataza mgonjwa jambo na wa jioni anamruhusu, mgonjwa hujifunza kuwagawa wauguzi, na yule anayeruhusu huonekana mwema huku mwenzake akichukiwa. Wodi yenye kauli moja humpa mgonjwa utulivu, hasa yule ambaye ugonjwa umemfanya ashindwe kutofautisha lililo kweli na lisilo kweli.

Udugu, utani na heshima

Katika jamii yetu jambo hili lina ugumu wa peke yake. Kiswahili chenyewe humfanya kila mtu kuwa ndugu. Muuguzi huitwa dada, mama au shangazi na watu asiowafahamu, naye huwaita kaka, baba na babu. Hakuna ubaya katika hayo. Mzee aliye gerezani anayeamkiwa "shikamoo" na muuguzi kijana hukumbushwa kwamba bado ni mtu. Lakini jina la udugu huja na madai ya udugu. Anayekuita dada atakuomba kama anavyomwomba dada yake, na kukataa huonekana kama kumkana.

Uko pia utani wa makabila, ambao katika mkoa wa Morogoro bado una nguvu, kuanzia vilioni hadi sokoni. Mtani anaweza kumwambia mtani wake neno ambalo mwingine angeligombania, au kumchukulia kitu kwa mzaha bila kudaiwa. Barazani ni burudani na ni dawa ya ugomvi. Wodini, mzaha huohuo mbele ya mtu aliyechanganyikiwa unaweza kusikika kama tishio, na kitu kilichochukuliwa kwa utani kinaweza kuwa kisu cha jikoni. Muuguzi hulazimika kuuacha utani wake mlangoni, hata kama kuuacha kunamwuma.

Kadhalika upo ukoo. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi mjomba ana sauti katika mambo mazito ya wapwa zake. Si ajabu muuguzi akakuta kwamba mgonjwa aliyeletwa ni wa ukoo wake, au kwamba anayekuja kuuliza habari ni mzee anayemheshimu tangu utoto. Taratibu za taaluma humtaka amweleze msimamizi uhusiano huo mara moja, ili ikiwezekana mgonjwa ahudumiwe na mwingine. Kufanya hivyo hakuvunji udugu. Kunauondoa udugu mahali ambapo ungeweza kuchafuliwa.

Kwa hiyo anachofanya muuguzi mwenye busara ni kuitunza lugha ya heshima na kuyakataa madai yanayoambatana nayo. Anaweza kuitikia anapoitwa dada, kisha akasema, "Mimi hapa ni muuguzi wako. Hilo unaloliomba tutalipeleka kwa mkubwa wa wadi pamoja." Binti wa mfano wetu alifanya hivyohivyo: aliamkia kwanza, akakataa baadaye.

Sare mbili kwa mtu mmoja

Muuguzi anayefanya kazi gerezani hubeba wajibu kwa pande mbili. Kwa mgonjwa anadaiwa matunzo na siri. Kwa gereza anadaiwa usalama. Katika Jeshi la Magereza mhudumu wa afya anaweza kuwa askari mwenye cheo na sare, na mgonjwa anayemtazama haoni kwa urahisi kama anayezungumza ni muuguzi au ni askari.

Kanuni za Kima cha Chini za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zijulikanazo kama Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015, zinatoa mwongozo. Kanuni ya 24 inataka wafungwa wapate huduma za afya za kiwango kilekile kinachopatikana uraiani. Kanuni ya 27 inasema kwamba uamuzi wa kitabibu hutolewa na wataalamu wa afya pekee, na hauwezi kutenguliwa wala kupuuzwa na watumishi wa gereza wasio wataalamu hao. Kanuni ya 46 inakataza watumishi wa afya kushiriki katika kutoa adhabu za nidhamu, lakini inawataka wawatazame kila siku wale waliotengwa. Kanuni ya 109 inasema kwamba watu waliobainika kutowajibika kwa jinai kwa sababu ya ugonjwa, au wenye maradhi makali ya akili ambayo gereza lingeyazidisha, wasiwekwe gerezani, bali wahamishiwe katika vituo vya afya ya akili mapema iwezekanavyo. Kanuni hizi si mkataba, ila ni kipimo ambacho mataifa yamekubaliana kujipima nacho.

Maana yake kwa kazi ya kila siku ni hii. Sindano ya kumtuliza mgonjwa hutolewa kwa sababu ya ugonjwa, kwa maelekezo ya daktari. Haitolewi kama adhabu ya kumnyamazisha aliyegombana na askari. Kwa upande wa pili, muuguzi hapuuzi kufuli, hesabu ya mikasi wala utaratibu wa funguo kwa kisingizio kwamba yeye ni mtu wa tiba. Huhakikisha kidonge kimemezwa mbele yake, kwa kuwa vidonge vilivyofichwa chini ya ulimi huweza kukusanywa na kumdhuru aliyevificha, au kuuzwa kwa mwingine. Usalama wa gereza na afya ya mgonjwa si maadui. Huwa maadui pale mtu mmoja anapozitumia nafasi hizo mbili bila kusema ametumia ipi.

Siri na kikomo chake

Binti wa mfano wetu alikataa kusimulia hali ya mgonjwa barazani. Alikuwa akitimiza wajibu. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siri ya mgonjwa ni nguzo ya maadili ya uuguzi yanayosimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza hilo lina mamlaka ya kumchukulia hatua muuguzi anayekiuka maadili, hata kumwondoa katika orodha ya wenye haki ya kufanya kazi hiyo.

Habari za mgonjwa aliye chini ya amri ya mahakama zina uzito wa ziada. Neno moja lililotoka wodini laweza kufika kwa familia ya aliyejeruhiwa kabla ya jioni, likapokelewa kama "anakaribia kutoka", na likaamsha hasira iliyokuwa imeanza kupoa. Mara nyingi aliyedhuriwa ni mtu wa karibu: mzazi, mke, ndugu au jirani. Familia hizo mbili huenda zinachota maji katika bomba moja.

Hata hivyo siri ina kikomo, na muuguzi hutakiwa kumweleza mgonjwa kikomo hicho tangu siku ya kwanza. Mgonjwa akisema amekusudia kujiua au kumdhuru mtu, muuguzi halibaki na neno hilo moyoni. Hulipeleka kwa timu mara moja. Anayeahidi, "Niambie, sitamwambia mtu yeyote," ameahidi kitu kisicho mikononi mwake. Ahadi iliyo ya kweli husema hivi: "Uliyoniambia nitayatunza pamoja na wenzangu wanaokutibu, na hayatatoka nje ila kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini."

Mpaka uliokazwa kupita kiasi

Lipo kosa la upande wa pili, ambalo halizungumzwi sana. Yupo muuguzi anayeuogopa ukaribu hata akawa ukuta. Humwita mgonjwa kwa namba au kwa kosa lake. Hupitisha dawa dirishani bila salamu. Hukataa kumsikiliza akilia kwa kuwa "hawa ni wahalifu". Huyu naye amevunja mpaka. Mgonjwa aliyenyimwa utu hunyamaza, na mgonjwa aliyenyamaza hawezi kutibiwa, kwa maana katika maradhi ya akili mazungumzo ni kipimo na ni tiba.

Mpaka mzuri hauzuii wema. Muuguzi anaweza kuketi na mgonjwa, kumsikiliza, kumfundisha kuzitambua dalili za ugonjwa kabla hazijapanda, kufurahi naye anapopata nafuu. Anayafanya hayo yote mahali panapoonekana, kwa muda unaojulikana, na kwa kila mgonjwa. Mgonjwa hupata utulivu anapojua kwamba wema huo haununuliwi, na hautaondoka muuguzi akiudhika.

Milango iliyo wazi kwa familia

Kila mlango na ufunguo wake. Familia yenye ndugu gerezani au Isanga haikufungiwa nje. Inatakiwa tu ipite mlango uliowekwa.

Mlango wa kwanza ni kutembelea. Siku na saa za kuwaona wagonjwa na wafungwa hupangwa na kituo chenyewe, na ni vyema kuulizia kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa Dodoma ni mwendo wa takribani kilomita 260 kutoka Morogoro. Vitu vyote vinavyopelekwa hukabidhiwa mapokezi na kukaguliwa wazi. Simu, fedha na dawa havipenyezwi kwa mkono wa mtumishi.

Mlango wa pili ni afisa ustawi wa jamii, wa hospitali au wa halmashauri. Huyu ndiye kiungo halali kati ya familia na wodi. Kupitia kwake familia inaweza kutuma ujumbe, kueleza wasiwasi, na kuanza maandalizi ya siku mgonjwa atakaporuhusiwa. Maandalizi hayo huhusisha pia uongozi wa mtaa, kwa kuwa jirani asiyeandaliwa anaweza kumpokea mgonjwa kwa mawe.

Mlango wa tatu ni kliniki ya karibu. Huduma za afya ya akili si ngeni Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyofanyiwa majaribio ya mpango wa taifa wa kuzisogeza huduma hizo hadi vituo vya afya na zahanati, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Mgonjwa aliyeruhusiwa anahitaji kuendelea na vidonge au sindano yake ya kila mwezi akiwa nyumbani, na kuisimamisha kwa kuwa "amepona" ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa kurudi.

Mlango wa nne ni malalamiko. Mpaka humlinda mgonjwa dhidi ya mtumishi mbaya pia. Familia ikiombwa fedha ili ndugu yao apewe dawa, ikigundua kwamba mtumishi ana uhusiano usiofaa na mgonjwa, au ikiona alama za kipigo, isinyamaze wala isilipize kisasi mtaani. Ipeleke taarifa kwa uongozi wa kituo, na ikiwa mhusika ni muuguzi, kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ikieleza siku, mahali na lililotokea, malalamiko hupata miguu ya kusimamia.

Mambo ambayo familia haipaswi kumwomba muuguzi, hata akiwa mtoto wa nyumba ya pili, ni machache na yanakumbukika: kubeba kitu, kubeba neno, kusimulia habari za wodi, na kuharakisha kutoka kwa mgonjwa. Anayemwomba hayo anamwomba aweke rehani riziki yake na usalama wa mgonjwa kwa pamoja.

Kifurushi cha mizizi

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Simu aliyotaka kuituma ingeweza kumfikisha mwanawe kwa mtu aliyemjeruhi, kwa maneno ambayo ugonjwa ungeyachagua. Mizizi ile, ikinywewa kwa siri juu ya dawa za hospitali, ingeweza kuzidisha usingizi, kushusha shinikizo la damu au kuvuruga kazi ya dawa, na daktari asingejua chanzo. Muuguzi aliyevikataa alimkinga mgonjwa na hatari mbili kwa neno moja.

Lakini kile kifurushi kina habari ndani yake. Mama anajua ni mzizi gani, nani aliutoa, mwanawe aliunywa mara ngapi kabla ya kukamatwa, na hali yake ilikuwaje baada ya hapo. Anajua ni mwezi gani kijana alianza kukesha usiku, sauti zilimwambia nini, na ni nani katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Hakuna muuguzi wala daktari awezaye kuyajua hayo bila yeye. Akipanda basi la Msamvu siku ya kuwaona wagonjwa, aende na mambo hayo, ayaseme mezani kwa daktari na afisa ustawi wa jamii, na ayaache yaandikwe katika faili la mwanawe.